Jiko la Makopo Njiani Kabambare

Enzi ya Wabelgiji nilitembea kwa miguu na shemeji yangu kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Mvua ya usiku ililowesha kuni zote. Asubuhi shemeji alikata makopo mawili ya maziwa, akayapachika yawe jiko, akatoboa matundu kwa msumari na kumimina lutuku, pombe kali ya mihogo iliyokatazwa na serikali, kisha akaiwasha. Jua lilipotoka, moto haukuonekana tena.

“Imezimika,” alisema, akachukua chupa aongeze.

“Ngoja, shemeji, iko inawaka! Ona hewa inatetemeka.”

“Mutu muzima unaogopa kopo?”

Akamimina huku akicheka. Sikuona moto, niliona mkono wa shati lake ukigeuka mweusi. Zahanati ilikuwa Kabambare, jirani na polisi, naye alinuka lutuku mwili mzima.