Mrehani wa Mateka

Kwa aibu nilikana tangu utotoni mpaka nikapata shahada mbili za chuo kikuu: mimi sikumwagilia mrehani kwenye jiwe la kumbukumbu la mateka wa vita waliopigwa risasi. Nilimwagilia. Leo harufu ya mrehani sokoni Chake imenirudisha pale, kopo mkononi, bibi yangu akipanda, jirani akimkejeli.

“Mrehani hupandwa kaburi la ndugu, Bi Mkubwa. Hawa makafiri ndugu zako?”

“Walifungwa mikono wakauliwa. Kama wamekosa ndugu, basi ndo mie. Mjukuu wangu, mwagia.”

Sasa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ametangaza kwamba jiwe litang'olewa kupisha duka, asipotokea ndugu wa mateka kupinga. Nikampigia simu palepale, fungu la mrehani kwapani.

“Ndugu yao katokea, Sheha.”

“Nani?”

“Niandike mimi.”