Radieta ya Ukumbini na Siri za Maharusi wa Kizingitini

Saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi, na Swafiya Abubakr hajakaa hata mara moja. Anatoka chumbani, anapiga magoti ukumbini mbele ya radieta iliyofungwa ukutani, anaibandika kiganja, anarudi ndani. Pazia halijatulia ametoka tena.

"Baridi," anasema, kama mtu aliyetukanwa. "Prosesa iko digrii tisini na sita, huku nje radieta baridi. Joto halifiki."

Asiyeijua kazi hii angedhani baridi ni habari njema. Dakika nne baadaye feni zinanyamaza zote, na nyuma ya pazia inasikika pumzi ndefu ya mtu anayejizuia kusema neno baya. Kompyuta imejizima. Ni mara ya nne tangu jana.

Ndani ya kompyuta hiyo mna harusi ya Huwaida, binti wa jirani yake, Bi Safaa Shukri. Keshokutwa saa nne Huwaida anapanda boti na mumewe kuanza safari ya Maskati, na mama yake amemwahidi kuwa ataondoka na video yake mkononi. Imebaki kazi ya saa mbili tu. Kompyuta haidumu dakika ishirini.

Swafiya, mwenye umri wa miaka thelathini na tatu na mama wa watoto wawili, hupiga na kuhariri video za harusi upande wa wanawake. Huko bibi harusi hukaa amepambwa, kichwa wazi, na mama na shangazi na majirani wote wamevua mabuibui wanacheza. Mwanamume haingii, na picha zake mwanamume hazioni. Ndiyo maana watu huja kwake hapa Kizingitini, kisiwani Pate, hata kutoka Siyu na Ndau, na humlipa shilingi elfu ishirini kwa harusi moja.

"Mtu akikuletea picha hizi amekuletea nyumba yake nzima," anasema. "Sasa mimi nimpelekee nani? Mafundi wa kompyuta ninaowajua wote ni wanaume. Ikiharibika, naitengeneza mwenyewe au inakufa."

Mwandishi wa habari hii ni mwanamume, kwa hiyo ametandikiwa mkeka ukumbini, ubavuni mwa radieta, na hapo ndipo alipoandika haya yote. Skrini hakuiona, wala hakuomba kuiona.

Radieta yenyewe ina kisa chake. Chumba cha kazi kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama njia ya watu, kwa hiyo Swafiya amelipiga mbao. Siri imehifadhika, lakini chumba ni tanuri. Feni za kompyuta zilikuwa zikila hewa ileile ya moto, yenye chumvi juu yake, na baada ya miezi michache zikaanza kukoroma. Mwaka jana kompyuta moja ilimfia katikati ya kazi.

Akaanza kutazama video za watu wanaopoza kompyuta kwa maji. Pampu ndogo inasukuma maji, maji yanapita kwenye kipande cha shaba kilichokalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yanabeba joto, yanaliacha kwenye radieta, yanarudi. Wale wa kwenye video walifunga kila kitu ndani ya kasha la kompyuta. Swafiya aliona hilo halimfai, maana joto lingebaki mlemle chumbani.

"Nikasema, kwani lazima radieta ikae ndani? Iende ukumbini ikapigwe na upepo, mimi nibaki na mlango wangu umefungwa."

Kaka yake Mahmud, anayetengeneza mashine za barafu za wanunuzi wa kamba wa baharini, alitoboa ukuta wa mawe kwa siku mbili na nusu ili mabomba ya maji yapite. Vifaa vilitoka kwa Wafula, muuzaji wa Mombasa ambaye Swafiya anamjua kwa simu tu, na vilimgharimu elfu thelathini na nne. Mwezi wa nne mtambo ukawaka. Prosesa ikashuka hadi digrii hamsini na nane, na wageni wakaanza kuuliza gari lenye radieta hiyo limeegeshwa wapi.

Miezi mitatu raha mustarehe. Halafu hii Alhamisi.

Saa nne Bi Safaa anakuja mwenyewe, na Swafiya, ambaye hajui kuzungusha maneno, anamwambia ukweli wote. Anamwambia pia kuwa mjini Lamu kuna studio inayoweza kuimaliza kazi hiyo mchana mmoja.

"Wanaume?" anauliza Bi Safaa.

"Wanaume."

"Basi na aende bila." Analitengeneza buibui lake begani ili aondoke, kisha anageuka. "Siyui mambo ya mabomba mimi, mwanangu. Huwaida nilikupa wewe."

Swafiya anamtazama hadi anapoishia kwenye kona ya njia. Anapangusa macho kwa upindo wa leso, kwa hasira, na anakwenda kutafuta bisibisi.

Anayamwaga maji yote kwenye beseni. Yalitiwa yakiwa meupe, yanatoka na rangi ya majani mabichi. Anakifungua kile kipande cha shaba, anakileta ukumbini penye mwanga. Ndani kina vijia vyembamba kama meno ya kitana, na vyote vimezibwa na ukoko mweupe, mgumu.

Anampigia Wafula, simu akiiweka sauti ya nje, na anamweleza alichokikuta.

"Ulitia maji gani, dada?"

"Ya mvua. Ya jabia letu. Nikayachemsha, nikayachuja kwa kitambaa cha bafta mara mbili."

"Jabia ni nini?"

"Hodhi la kukingia mvua."

"Limepakwa nini ndani?"

Swafiya anakitazama tena kile kipande. Jabia la nyumbani kwao limepakwa chokaa, na kila mwaka kabla ya mvua hupakwa tena.

"Chokaa," anasema.

"Basi ni hiyo unayoiona," anajibu Wafula, bila kumcheka.

Ni kosa ambalo mtu wa Mombasa asingelifanya. Hapa visima vingi vina chumvi, na maji ya jabia ndiyo anayopewa mgeni, ndiyo ya mgonjwa, ndiyo yanayosifiwa. Mtoto wa Kizingitini hakui akiambiwa kuna maji safi kuliko hayo. Swafiya alichagua kilicho bora nyumbani, na kilicho bora kikaziba mtambo.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema. "Wengine watie ya bomba, mimi natia ya mvua, nimechuja na bafta mpya. Ati bafta mpya."

Anakiloweka kile kipande kwenye siki, anakisugua kwa mswaki, anakisuuza, anakiangalia juani, anakirudisha kwenye siki. Bakr, fundi wa sola wa mtaani, anamletea madumu mawili ya maji ya betri, yale yaliyotolewa madini yote, na Swafiya anasoma lebo mara tatu kuhakikisha si asidi. Ya kusuuzia mabomba, kisha ya kujazia, na matone ya dawa ya kuzuia ukungu ambayo Wafula alimwekea tangu mwanzo na yeye akaona ya nini.

Na yale mabomba yanayopita ukumbini, yaliyo angavu kama glasi, ndiyo yaliyoota ukijani kwa kupigwa na mwanga. Anachana buibui kuukuu na kuyazungushia yote, kutoka ukutani hadi kwenye radieta.

"Yamesitirika na hayo," anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka.

Saa sita na nusu kila kitu kimefungwa. Sasa inakuja sehemu ambayo haikuumbiwa mtu kama yeye. Wafula amesema pampu iwashwe peke yake, kompyuta ikiwa imezimwa, tishu zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo, na asubiri siku nzima kuona kama panavuja.

"Siku nzima," anarudia. Skrini imezimwa, kwa hiyo amelifungua pazia, na mwandishi anaona yote kutoka mkekani. Anaiinua kompyuta ubavu huu na ubavu ule kutoa mapovu ya hewa. Anafagia. Anafagia tena palepale. Saa saba anauliza kama saa moja haitoshi. Saa nane anasema watu wengine huwasha mara moja na hawapatwi na kitu. Mkono wake umeshika waya wa umeme wa kompyuta kwa muda unaomtia mwandishi kiwewe.

Anauachia, anakwenda kuswali Alasiri. Anaporudi, tishu iliyo juu ya bodi ya kompyuta ina doa moja lililolowa, dogo kama punje ya mchele.

Anakaa chini, hatimaye, na anatazama mikono yake. Angewasha saa nane, tone hilo lingeiua bodi, na huenda harusi ya Huwaida ingekwenda nayo. Anakikaza kiungo, anabadilisha tishu, na anaanza kuhesabu siku upya.

Ijumaa Alasiri tishu zote ni kavu. Anawasha. Nje, mwandishi anaombwa aiguse radieta kwa kiganja.

"Vipi?"

"Ina moto."

"Alhamdulillahi," inasema sauti nyuma ya pazia. Adhana ya Magharibi inalia video ikiwa imekamilika, prosesa digrii sitini na moja.

Jumamosi saa mbili Bi Safaa anakuja na flashi yake. Kuna desturi katika kazi hii, na Swafiya aliianzisha mwenyewe: akishampa mama wa bibi harusi nakala, anafuta kila kitu mbele ya macho yake. Tangu aanze amefuta harusi zaidi ya sitini. Hana hata moja ya kumwonyesha mtu akiulizwa kazi yake ni ipi.

Mkekani, mwandishi anasikia sauti ya Swafiya ikisema, "Haya, Bi Safaa, sogea uone. Nafuta."

"Usifute," anasema Bi Safaa. "Anakwenda mbali mwanangu. Hii ikipotea nami nimekufa, atamwendea nani?"

"Picha zibaki kwangu?"

"Kwako. Nimekuona mimi jana na juzi, nilikuwa napita."

Bi Safaa anatoka kwa haraka kwenda gatini. Swafiya anabaki mlangoni, amesimama, hana la kufanya na mikono yake.

Halafu anaanza kusema mipango, mmoja juu ya mwingine. Atanunua diski mbili, moja ikae hapa na nyingine kwa mama yake. Maji atabadilisha kila miezi sita, vumbi la radieta kila Ijumaa. Atawauliza mama wengine kama na wao wangependa kuacha zao. Atatafuta wasichana wawili awafundishe kufungua na kufunga mtambo huu, ili ufunguo wa chumba usikae kwa mtu mmoja.

Kwa nini ajitwike mzigo huo wote?

"Huwaida atapata binti, inshallah," anasema. "Binti huyo siku moja atataka kumuona mama yake alivyokuwa siku ile. Nataka aje hapa, afunge mlango, amuone."