Wadudu Waliozama Mbele ya Nguo Zangu

Kaa karibu, mwanangu, unisikilize taratibu, maana jambo hili lilinichanganya hata mimi niliyeliona. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipokuwa tumehamishiwa upande wa Susuni, karibu na mpaka wa Kenya. Nilikuwa mke mpya, ng'ombe wangu wa mahari walikuwa wametolewa juzi tu, na nilimwogopa mama mkwe hata kucheka mbele yake.

Wanawake tulifua kwenye kidimbwi kimoja cha kijito. Juu ya maji yale walitembea wadudu wembamba wenye miguu mirefu, wanaoteleza bila kulowa. Unawajua. Basi nikaanza kufua, mara wale waliokuwa mbele yangu wakazama. Hakuna aliyewagusa. Mbele ya wenzangu waliendelea kutembea kama kawaida.

Mama Marwa, mke wa balozi wa nyumba kumi, akaona. "We Robi, umewafanya nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Maji yanakukataa, na wewe hujui!"

Kufika jioni kijiji kizima kilisema nimeolewa nikaja na uchawi wangu. Wengine walimshauri baba mkwe anirudishe kwetu, adai ng'ombe wake. Mwanangu, nilianza kujiogopa mwenyewe. Kesho yake nilikwenda kuchota maji peke yangu, nikaingiza mkono. Wadudu wakatembea juu ya kivuli changu bila wasiwasi. Nikachanganyikiwa zaidi. Uchawi gani huu unaofanya kazi siku ya kufua tu?

Hapo nikakumbuka sabuni. Wakati huo madukani haikupatikana, wenzangu walifua kwa majivu. Shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya, ndiye aliyeniletea mche mmoja, nami niliufungia ndani ya kanga hata nikifua, kwa kuwa ilikuwa ya magendo. Nikatia wadudu kwenye beseni la maji. Wakatembea. Nikatia kipande cha sabuni. Wakazama.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, narudishwa kwetu nikiitwa mchawi. Nikisema, mume wangu anakamatwa kwa magendo yaliyo nyumbani mwake. Mwishowe nilimweleza mama mkwe. Alinisikiliza, akachukua sabuni, akashika njia ya kijitoni.

Wanawake walikuwepo. Akamkabidhi Mama Marwa ile sabuni. "Osha mikono, mwenzangu." Mama Marwa akaosha, na wadudu wakazama mbele yake.

"Haya, mke wa balozi," mama mkwe akasema, "na wewe tukurudishe kwenu?"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama Marwa akanusa viganja vyake, akanisogelea. "Huyo shangazi yako," akaniuliza polepole, "anakuja tena lini?"

Neno la uchawi likaishia hapo, na la magendo pia, maana kila nyumba ilitaka kipande. Lakini sote tulipoanza kufua kwa sabuni, kidimbwi kikabaki bila wadudu wale. Nzi waliokufa wakaelea hadi wakanuka, na kila povu lilipopungua, mbu walirudi kabla ya mdudu mwingine yeyote. Tuliumwa homa mwaka ule, tukashindwa kuelewa.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima ndiye aliyenifumbua macho kidogo. Maji yana kitu kama utando juu yake, na wale wembamba husimama juu ya utando huo wakila wadudu wanaodondoka. Sabuni huulegeza. Chini ya utando wapo wengine wanaoogelea chali, wanaokuja juu kuvuta hewa na kula viluwiluwi wa mbu. Yupo pia yule mpana ambaye dume lake hubeba mayai mgongoni mpaka yaanguliwe. Wote ni ukoo mmoja, wenye mdomo kama sindano, na kila mmoja ana kazi yake. Mengine bado siyaelewi, wala sioni aibu kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikutana na jambo lisiloeleweka, usianze kutafuta mtu wa kumlaumu. Rudi ulipoliona, uangalie tena. Hata ukichanganyikiwa, usikate tamaa; mimi nilichanganyikiwa na bado nilifika. Mungu akupe macho yenye subira na nyumba isiyokosa maji. Na ukienda kufua, chota maji, upeleke beseni mbali na kijito, na maji ya povu uyamwage kwenye nyasi.