Hali Yake Si Nzuri

Mzee Hamza Shechambo wa Kwai alikata miti miaka kumi na saba. Kiwanda cha mbao kikauzwa, mwenye mali mpya akapunguza watu, Hamza akarudi nyumbani na buti za kazi na barua ya kumshukuru. Barua hailiwi. Akalima kabichi kama kila mtu, mpaka alipotokea Daktari Beatha, mama wa Kihaya, mwalimu wa chuo kikuu Morogoro, akitafuta mtu anayeujua msitu wa juu ili amwangalizie hondohondo.

Ndiyo, mtu aliyeangusha mikulo, ile miti mikubwa ya mbao, pamoja na viota vyake ndiye aliyepewa darubini avilinde. Cheka ukitaka. Nani mwingine alijua miti yote yenye matundu?

Hondohondo ni ndege mkubwa mweusi, mdomo kama ndizi iliyobebeshwa ndizi nyingine. Jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa tu wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo anakaa miezi mitatu na zaidi. Chakula chote, chake na cha kinda, analetewa na dume. Dume asipokuja, ndani ni njaa.

Kwa hiyo kazi ya Hamza ilikuwa kukaa chini ya mti toka asubuhi, kuandika dume kaja saa ngapi, kaleta nini. Gengeni Kwai walimfanya kichekesho. Nikodemo muuza nyanya hakumwacha apite hivihivi.

"Mgosi! Leo umechungulia wake za watu wangapi?"

"Wanne. Wote wameshiba. Wa kwako je?"

Genge zima likaangua kicheko, na Nikodemo akacheka kuliko wote.

Daktari Beatha hakutaka majina. Kwenye fomu ni dume namba saba, basi. Hamza akamwita Mpagazi, kwa sababu hakuna aliyebeba kama yeye: anakuja koo limevimba matunda, anatua, anayatema moja moja, anampa mkewe ufani, thelathini, arobaini, bila kula hata moja. Jike naye Hamza alimwita Mwali, maana yuko ndani na haonekani. Saumu, mke wa Hamza, alikuwa akiuliza jioni, "Mpagazi kaleta?" kabla hata ya kumuuliza mumewe kama ana njaa.

Kulikuwa na amri moja: hakuna kupanda wala kugusa mti wa kiota bila ruhusa ya Daktari. Mwaka uliotangulia, Zabron, mwenzake Hamza, alibandua udongo kidogo achungulie. Jike akatoka, hakurudi, kinda likafa. Zabron akafukuzwa siku ileile. Hamza akaishika ile amri kama anavyoishika swala.

Sasa, Desemba ya tisini na nne, siku ya Jumanne, Mpagazi hakuja. Saa mbili, saa nne, saa sita. Mwali anatoa ncha ya mdomo, anairudisha. Hamza akateremka kumtafuta, akamkuta kwenye shamba la plamu, kifuani ana tundu la gobore. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya Dar yanapanda mpaka mlangoni kuchukua plamu, na tunda ambalo zamani lilikuwa la ndege na watoto sasa lilikuwa na mwenyewe. Hamza hakugombana na mtu. Alimfunga Mpagazi kwenye koti lake, akamzika karibu na mkulo wa Mwali, akateremka kwa miguu hadi posta ya Lushoto kupiga simu Morogoro.

Akili yake ilikuwa sawa kabisa, tuelewane hapo. Alijua Daktari akitoa ruhusa leo, kesho mti unapandwa, Mwali na kinda wanalishwa kwa mkono. Kilichotakiwa ni neno moja tu.

Lakini neno lenyewe ndilo hilo. Kwetu mtu humrushii kifo kwenye simu. Unamwambia mgonjwa kazidiwa. Aliye upande wa pili anaelewa, anafunga mzigo, anapanda basi, na akikuta watu wamekaa mkekani uani ndipo anaanguka, akiwa mikononi mwao.

"Shikamoo Mzee Hamza! Kuna nini?"

"Marahaba mama. Hujambo? Watoto hawajambo? Kazi?"

"Wazima wote. Sema Mzee, naingia kusimamia mtihani."

"Ni huyu… namba saba. Hali yake si nzuri."

"Anaumwa? Anakula?"

"Kwa leo hajala."

"Anaruka?"

Hamza akaangalia ukuta wa posta. "Hapana. Kuruka, haruki."

"Basi asisumbuliwe na mtu. Nikimaliza mitihani nakuja, nitakuja na bwana mifugo. Na amri ni ileile, Mzee, hakuna kugusa mti."

"Mama, jikaze tu. Ukipata nafasi, wahi."

"Nitawahi."

Simu ikakatwa. Hamza akatoka moyo umetulia. Ameelewa, alijiambia. Sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Jumatano alishinda njiani akisubiri gari kutoka Mombo. Daktari hakushuka. Alhamisi hakushuka. Saumu akamwambia apige tena, akakataa: mfiwa hasukumwi. Ijumaa mwenyewe akaona hapana, akateremka posta, akaambiwa nguzo zimeanguka na mvua, laini hakuna.

Akarudi msituni. Mwali alikuwa akilia, ile sauti ya kukwaruza, na kinda linaitikia kwa chini. Hamza akaokota tini za mwitu, akaunganisha mianzi mitatu kwa kamba, akachomeka tunda kwenye ncha, akainua. Ule haukuwa kugusa mti. Mianzi ikafika nusu, ikapinda, tunda likadondoka. Akaongeza wa nne. Haukuinuka kabisa. Siku mbili nzima mtu mzima wa miaka hamsini na tatu alipigana na mianzi, matunda yanamwangukia kichwani, na kamba za kupandia ziko nyumbani kwake, zimening'inia nyuma ya mlango.

Jumatatu sauti ya kinda haikusikika. Jumanne ncha ya mdomo ilitoka mara moja tu.

Daktari Beatha alifika Alhamisi, siku ya tisa, na bwana mifugo, na boksi lililotobolewa matundu ya hewa.

"Mgonjwa yuko wapi, Mzee?"

"Mgonjwa gani, mama? Tulishamzika."

"Mlimzika lini?"

"Siku ile niliyokupigia."

Daktari akaliweka boksi chini polepole. "Uliniambia anaumwa."

"Ulitaka nikwambieje? Kwenye simu? Uko peke yako, huna hata wa kukushika?"

"Ni ndege, Mzee Hamza! Angekuwa mtu ningeelewa, hata mimi kwetu ndivyo tunavyosema. Lakini ni ndege!"

Zile salamu zote Hamza alikuwa amezisema kwa moyo mmoja, na hakujua kwamba upande wa pili zilifika kwa mtu anayefikiria dawa na mitihani.

Wakapanda. Daktari mwenyewe alibomoa udongo. Mwali alikuwa amekaa, mdomo umeelekea ufani, kinda chini ya bawa. Wote wawili wakavu. Chini ya mti Daktari alijaza fomu, kisha akaiweka kalamu akalia kwa sauti mbele ya bwana mifugo. Hamza alisimama pembeni. Hakufukuzwa kazi; amri hakuivunja hata kidogo, na hilo ndilo lililomtafuna.

Alikaa kwenye ile kazi miaka mingine tisa. Ila mdomo wake ulibadilika. Bi Zainabu jirani yake alipofariki, Hamza ndiye aliyetumwa kumpigia mwanawe Rashidi aliyekuwa Dar. Wazee walimwelekeza: sema mama kazidiwa. Hamza akashika simu, akasema, "Rashidi, mama yako amekufa. Tunazika kesho saa saba."

Rashidi alianguka dukani kwa mwajiri wake, akapasuka kichwa kwenye kaunta. Alifika na bandeji, saa sita na nusu, jeneza bado liko ndani. Baada ya kuzika akamfuata Hamza mbele za watu.

"Mzee, wewe huna utu. Hata mbwa haambiwi hivyo."

"Ulimkuta?"

"Nini?"

"Mama yako. Ulimkuta hajazikwa?"

"Nilimkuta."

Hamza akaitikia kwa kichwa, akainama kuokota jembe. Rashidi hakumwamkia tena mpaka Hamza anaingia kaburini, na Kwai nzima ilisema Rashidi ana haki. Saumu peke yake ndiye hakusema hivyo; yeye alizikumbuka zile siku tisa.