Hulda Alisahau Kumfundisha Shingo

Mnapenda sana kumsifia Hulda Pickett. Mnakuja hapa kwetu Indiana, mnapiga picha nyumba yake ya matofali, mnaondoka. Sawa. Ila siku aliyoharibu hamuisemi, na yeye aliisema mpaka anakufa.

Hulda alikuwa mshonaji, Mkweka kama sisi, Wakristo wa ibada ya kimya. Pamba havai, sukari haonji, kwa sababu ni jasho la watumwa. Wazee wa ibada walimchoka.

"Dada Hulda, utumwa tunauchukia, lakini twende taratibu."

"Taratibu ya nani? Yenu, au ya anayechapwa?"

Wakamfukuza.

Mwaka 1851 akaja Delphy, katoroka utumwani Kentucky, miguu imepasuka, mimba ya miezi saba. Alitaka kitu kimoja: mtoto azaliwe Kanada, asiwe mali ya mtu. Hulda akamvisha gauni lake la kijivu, glavu, na kofia pana yenye shela la kuficha uso. Asubuhi wakapanda gari la farasi.

"Wakiniuliza kitu?"

"Nyamaza. Sisi kunyamaza ndiyo ibada yetu, nani atashangaa?"

"Na huyu anayenipiga mateke tumboni?"

"Mwambie keshakuwa Mkweka, atulie."

Delphy akacheka. Hulda alisema kicheko kile ndicho kilichomtesa kuliko vyote.

Darajani mwindaji wa watumwa akawasimamisha, akavua kofia. "Habari za asubuhi, mama zangu."

Hulda akamkazia macho, shingo wima. Delphy, aliyeinamia wazungu miaka ishirini na mbili, akainamisha kichwa. Kidogo tu.

Jamaa akaangua kicheko. "Wee bibi! Tangu lini Mkweka akamwinamia mtu?"

Kweli hatumwinamii mtu, hata jaji. Hulda hajawahi kuinama maishani mwake. Angekumbukaje kumfundisha mtu kitu ambacho kwake ni kama kupumua?

Shela likavutwa. Hulda akamng'ang'ania Delphy mkono, jamaa akamburuta, Hulda akabaki na glavu.

"Mwanangu, Hulda! Mwanangu!" Delphy alipiga kelele, mkono tumboni.

Hakumwona tena. Wala mtoto.

Watoro waliokuja baadaye walimkuta Hulda mlangoni, wao damu miguuni, njaa inawaua. Hata maji hajawapa, anaanza kujifanya bwana:

"Mimi ndiye bwana wako. Nisalimie. Umeinama! Rudia."

Wengine walilia. Mmoja akamwambia, "Mama, una roho mbaya kuliko bwana wangu."

"Sawa. Nyanyua shingo. Rudia."

Mkate uko mezani, wanauona.