Mama Aliposhika Usukani

Nikipita Ruiru siku hizi msimu wa kuvuna kahawa, kando ya mashamba machache yaliyosalia kati ya nyumba za kupangisha, pua hunirudisha utotoni kabla sijaamua mwenyewe. Ni ile harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Wengine huziba pua. Mimi humwona mama yangu, kitambaa kichwani, midomo ameibana, akipigana na klachi.

Baba alikuwa fundi wa magari Thika, nasi tulikaa Makongeni. Jioni moja alirudi kutoka Ruiru, alikokwenda kutengeneza trekta la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, akiwa na habari ya ajabu. Mzungu yule alikuwa ametandaza ramani ya Ulaya juu ya boneti, akipanga likizo ya kwao. Yeye, mkewe na watoto wangepanda gari wavuke nchi nne au tano, bila kazi yoyote ila kutazama.

"Kutazama tu?" mama akauliza.

"Kutazama tu. Na sisi tutatazama, Mama Mueni. Kenya, Uganda, Tanganyika. Tutalizunguka lile ziwa kubwa lote."

Gari tulikuwa nalo, kuukuu, ambalo baba alilifufua kipande kwa kipande. Basi kila Jumapili baada ya kanisa ramani ilitandazwa mezani, vikombe vikiikandamiza pembeni. Mama alipanga tutakapolala, kwenye misheni gani, na tungebeba mahindi ya kukaanga kiasi gani. Mdogo wangu Mutua alitaka kujua kama ule mstari mwekundu wa mpaka umechorwa pia ardhini. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na majirani zetu Wakikuyu hawakuweza hata kufika Nairobi bila kibali. Mama Nyokabi wa mlango wa pili aliposikia mpango wetu alinishika bega, akaniambia, "Mueni, na mimi unitazamie."

Wiki chache kabla ya shule kufungwa, baba alikuwa akiwasha gari kwa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungusha injini kwa mbele. Hendeli ikarudi kwa nguvu, ikamvunja mkono. Alitoka hospitali na plasta hadi juu ya kiwiko, akaikunja ramani kwa mkono mmoja, akasema, "Basi. Ziwa halihami."

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso. "Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini?"

"Gari."

Baba alicheka. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka.

Walijifunzia kwenye barabara ya vumbi ya shamba lile la Ruiru, mimi na Mutua tukiwa kiti cha nyuma. Gari liliruka kama chura. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walinyoosha migongo wakacheka hadi machozi. "Mama, hilo si jembe!" mmoja akapaza sauti. Siku moja tuliingia katikati ya mikahawa kabisa, matawi yakatupiga usoni. Baba alisema tu, polepole, "Rudi nyuma. Anza tena." Hata hendeli mama aliizungusha mwenyewe, baba akimwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba ili isimvunje na yeye.

Siku ya mtihani, afisa wa leseni alimsimamisha kwenye mwinuko karibu na daraja la Chania, akamwambia aondoke bila gari kurudi nyuma. Watu walijipanga kando ya barabara kutazama. Gari halikurudi hata kidogo. Afisa akamwambia arudie. Akarudia. Afisa akashuka, akaandika leseni.

Tulikwenda. Karibu na mpaka wa Uganda palikuwa na kizuizi cha polisi. Askari mmoja akaja dirishani, akaweka mkono juu ya mlango, akamruka mama kwa macho na kumuuliza baba, "Mzee, dereva wako ameenda wapi?"

Baba akainua mkono wenye plasta, akauelekeza kwa mama. "Umeegemea mlango wake."

Sijawahi kukaa wima kwenye gari kama nilivyokaa siku hiyo. Na ziwa tuliliona, kwa siku nyingi, upande huu na upande ule, nami nilitazama kwa bidii kwa niaba ya Mama Nyokabi hadi macho yakaniwasha.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya mama peke yake. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mume ndipo nilipokumbuka kwamba gereji ya baba ilijaa vijana wanaojua kuendesha, na yeyote kati yao angefurahi kutupeleka. Baba hakumwita hata mmoja. Walipomtania, "Fundi, siku hizi unabebwa na mke?" aliwajibu, "Nabebwa vizuri," akapanda upande wa abiria mbele ya Thika nzima, akafunga mlango.

Nilijivunia mama siku ileile pale kizuizini. Kujivunia baba kulinichukua muda zaidi.