Mfungua Njia wa Greda

Mimi ndiye niliyemleta. Niliseme hilo kwanza, maana hakuna mwingine atakayelisema. Kabla yangu jamaa hakujua kwamba hapa Dubai kuna watu wanaokimbizana na mpira wenye umbo la yai, wamevaa helmeti na mabega ya plastiki, na wanaita huo ni mchezo. Alichojua ni kupakua mizigo kwenye ghala kule Freezone, kurudi chumbani kwetu Al Muraqqabat, kula ugali na kulala. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Mtanzania, mpole, mapaja kama magogo, ananiita "kaka" kwa heshima hata siku nilizomnunia bila sababu.

Mimi ni Mkenya, mlinzi wa geti. Shuleni nilicheza raga, mstari wa mbele kabisa, mahali pa watu wanene wenye hasira. Mmarekani mmoja, mwalimu wa shule ambaye wikendi anafundisha timu ya mchezo wa kwao, alipita getini kwangu akanipima kwa macho toka juu mpaka chini, akaniuliza kama naweza kusukuma watu. Nikamwambia nasukuma watu kila siku, ila kwa maneno. Hivyo ndivyo nilivyoingia timu. Wiki ya tatu kocha akasema anatafuta mtu wa kupewa mpira mkononi akimbie nao, mtu asiyeogopa kugongwa. Nikajifanya mwema. Nikasema ninaye mmoja, yuko nyumbani amelala.

Ningejua, ningefunga mdomo wangu.

Mchezo wenyewe ni hivi. Sisi watano tunainama mbele, pua kwa pua na wapinzani. Yeye anasimama nyuma yetu. Mpira ukianza anapewa, na kazi yangu ni moja tu: mtu aliye mbele yangu asimfikie. Nimpige kifua, nimsukume kando, nimlalie ikibidi, ili pawe na upenyo. Jamaa anapita kwenye upenyo huo. Sisi tunabaki chini na vipunje vya nyasi bandia midomoni, yeye anabaki na jina.

Jina alipewa mechi ya kwanza tu. Greda! Fundi mmoja wa ujenzi alilitamka, na kabla ya mapumziko ngazi zote za zege zilikuwa zinaimba, Greda, Greda, pasua barabara! Mashabiki wetu walikuwa watu wa nyumbani: walinzi Wakenya, akina dada wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani, Waganda wawili wa hotelini Al Mankhool, na chupa zao za chai. Mchezo hawakuujua, na hawakuwa na haraka ya kuujua. Walichoelewa ni kwamba mtu anagongwa na haanguki. Basi wakawa wanahesabu. "Wawili! Watatu! Wallahi wanne wamemng'ang'ania na bado anatembea!" Akiwaburuta wanne hatua mbili, uwanja unalipuka. Akipita bila kuguswa mpaka mwisho wa uwanja tukapata pointi, wanampigia makofi ya kikao cha wazazi.

Hebu fikiria. Akigongwa na wanne, maana yake sisi wa mbele tumeshindwa kazi. Akipita bila kuguswa, maana yake tumeifanya kazi safi. Watu wangu walikuwa wanashangilia uzembe wangu na kupiga miayo kwenye jasho langu. Niliwaeleza mara mbili, hata nikawachorea chini kwa vijiti. Mlinzi mmoja wa Bur Dubai akanijibu, "Wacha wivu, bro." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini alikuwa amegonga penyewe. Nilikuwa na wivu. Wivu wa kuniamsha usiku nisikilize mtu anavyokoroma juu yangu na kujiuliza hata kukoroma kwake kuna nini cha ajabu.

Mlinzi huyo huyo alikuwa akirekodi kila mechi kwa simu na kuturushia kwenye kundi letu la WhatsApp. Kwenye video hizo mimi ni mgongo tu. Siku moja dada mmoja aliandika, "Huyo mnene anayelala lala chini ni nani? Anaharibu picha." Ikafuata mistari mitatu ya vikatuni vya kucheka.

Hayo yote ningeyameza, kama si mke wangu. Mke wangu anafanya kazi kwa madam mmoja, analala huko huko, anapewa Jumapili. Anatoka asubuhi, na saa moja jioni awe ndani ya geti, khalas. Siku moja kwa wiki ndiyo ndoa yetu, na kipande kizima cha siku hiyo kilikuwa kinaliwa na mechi. Alikuja kila Jumapili bila kunung'unika. Nilichotaka ni kidogo sana, na naona haya kukisema mtu mzima kama mimi: nilitaka siku moja anione. Asimame kwenye zile ngazi, apige kelele kwa ajili yangu mimi, mumewe. Lakini kila Greda alipokimbia nilikuwa nasikia kigelegele chake, na sauti yake naijua hata ikichanganywa na mia.

Kisha chapati. Alizipika kwa madam Jumamosi, akazileta zimefungwa kwenye kitambaa, na mechi ikiisha wa kwanza kupewa ni Greda. "Shemeji ametingwa sana leo, maskini," alisema. Mimi je? Mimi nilikuwa nimetoka kulaliwa na Mlebanoni mwenye ukubwa wa friji. Nilipokea chapati yangu baada yake, ikiwa imeshapoa, nikala. Jamaa akamega nusu ya yake akanipa, "Kaka, ongeza, wewe unasukuma sana." Hata hiyo ilinichoma. Mtu akikushinda basi awe na kiburi kidogo, ili angalau umchukie kwa raha.

Ikafika ile Jumapili. Kabla ya kuanza, jamaa alikuja akaniinamia nikiwa nafunga viatu. "Kaka, leo napita upande wako tu. Kwako najua siguswi." Nikamjibu inshallah, kama tunavyojibu wote hapa tusipotaka kujibu.

Nusu ya kwanza nilicheza kama sijawahi kucheza. Mbele yangu alikuwa Mmisri mmoja mrefu, mwepesi, mwenye hasira zake. Nilimsukuma kushoto, nikamsukuma kulia, nikamlaza. Greda alipita kwangu mara tano, hakuna aliyegusa hata jezi yake. Na kule kwenye ngazi? Kimya. Halafu nikasikia, "Greda leo amelala? Mbona hawamgusi? Wapinzani gani hawa, watoto?" Wakacheka. Na katikati ya kicheko hicho nikasikia cha mke wangu.

Nikasema moyoni, haya. Mnataka agongwe. Atagongwa.

Mpira ulipoanza tena niliinama kama kawaida. Mmisri akaja. Nikamgusa kwa mkono ili ionekane nimejaribu, kisha nikageuza bega, nikampisha kama ninavyofungua geti kwa gari lenye kibali. Nikapiga magoti, nikajifanya nimeteleza. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya. Nyuma yangu nikasikia mlio ambao sitausimulia vizuri, wa plastiki na wa mtu. Jamaa alikuwa hajaushika mpira sawasawa, macho yake yako kwangu, kwenye upenyo aliojua utakuwepo. Alipigwa chini ya kwapa, akanyanyuliwa, akashuka na bega.

Kisha akajikunja, akapiga goti moja, akasimama. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Kocha alimwita atoke, akatikisa kichwa. Akasema apewe tena.

Wakampa tena. Safari hii nilimvamia yule Mmisri kwa nguvu zangu zote, kwa hofu tupu, lakini mwingine alitokea pembeni, na mwingine, na wa tatu akamrukia mgongoni. Jamaa aliubana mpira kwa mkono mmoja, akawabeba. Aliwabeba hao watu watatu huku anaguna kama anayesukuma kabati, mpaka akavuka mstari. Hapo watu waliteremka ngazi. Kanga zilirushwa hewani, chai zikamwagika, mwanamume mzima kutoka Moshi analia, "Mtu wa chuma! Mama yake alimlisha nini huyu?" Hawakuwa wamewahi kumpenda hivyo. Nilikuwa nimempa zawadi.

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Hakuteremka. Alikuwa amesimama peke yake kwenye zege, mikono kichwani, mdomo umefungwa. Na mimi, mkono wa mwenzangu ukiwa umelegea kwa sababu yangu, nilichofikiri ni kwamba anamlilia yule. Nikaona wivu tena, hapo hapo. Mungu anisamehe.

Mechi ilipoisha kocha alinijia mbio, uso mwekundu, akauliza nilikuwa nafanya nini pale. Kabla sijafungua mdomo, jamaa akaingilia kwa Kiingereza chake cha ghalani. Akamwambia kaka aliteleza, nyasi zina maji. Hazikuwa na tone la maji. Halafu akanigeukia mimi, barafu iko begani, "Goti lako halijaumia, kaka?" Nikasema halijaumia.

Tulipanda basi mimi na mke wangu, kumsindikiza kwa madam. Alikaa dirishani, kitambaa cha chapati mapajani. Kituo cha tatu nikamchokoza, "Shemeji yako leo ameonyesha uanaume, eh?"

"Kesho atanyanyua mizigo kwa mkono gani?"

"Atapona. Ana mwili wa punda."

"Ulimwachia," akasema.

"Nani?"

"Yule mrefu. Ulimwachia apite."

"Niliteleza. Hukumsikia mwenyewe akisema niliteleza?"

"Baba watoto." Alinigeukia, na hakuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi. "Mimi ule mpira siujui. Nusu ya mchezo sijui hata anao nani. Wenzangu wakicheka nacheka, wakipiga vigelegele napiga. Lakini macho yangu yako kwako tu. Toka msimu uanze naangalia mgongo wako. Nimekuona umeteleza kweli, nimeona unavyotapatapa na mikono. Leo hukutapatapa."

Nilitaka kumwambia kuhusu chapati, kuhusu video, kuhusu kile kicheko. Vyote vilikuwa vimekuwa vidogo mno kutamkwa.

"Shemeji nampa chakula kwanza kwa sababu ni mgeni wetu," akasema. "Wewe ni mtu wangu, wewe unasubiri na mimi. Nina siku moja kwa wiki, nimekuwa nikiitumia kukuangalia wewe. Na leo nimekuona."

Akabonyeza kengele. Hakikuwa kituo chake, kilikuwa kimoja kabla ya chake. Niliinuka nimfuate, akaniwekea kiganja kifuani, taratibu, nikaketi. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini za ruhusa yake. Mlango ukafungwa, na kupitia kioo nikamwona akishika njia ya kwa madam, akizitembea dakika hizo peke yake.